Ahadi ya 1899 na Karibou wa Klinse-Za

Kaskazini mashariki mwa British Columbia, jimbo la Kanada linalopakana na Bahari ya Pasifiki, kuna vilele viwili vilivyosimama bega kwa bega juu ya misitu ya misonobari. Vinaitwa Klinse-Za. Wazee wa jamii ya Saulteau husimulia kwamba babu zao walitoka Manitoba, mbali sana upande wa mashariki, wakayafuata maono ya kiongozi wao aliyeoneshwa milima pacha na ziwa, mahali ambapo watu wake wangesalimika. Ziwa walilolifikia ni Moberly. Hapo waliwakuta Wadunne-za, wawindaji wa bonde la Mto Peace tangu zama za kale, wakakaa nao na kuoleana. Leo vizazi vyao viko katika jamii mbili jirani: Saulteau mashariki mwa ziwa, West Moberly magharibi yake.

Milimani juu yao walikuwako karibou.

Karibou ni mnyama wa jamii ya kulungu aliyeumbwa kwa ajili ya baridi. Ndiye pekee katika jamii hiyo ambaye jike naye huota pembe. Kwato zake ni pana na hutanuka zinapokanyaga theluji, na kwa kwato hizohizo huifukua theluji hadi akifikie chakula chake cha miezi migumu, yaani likeni. Likeni ni kiumbe kinachotokana na kuvu na mwani vilivyoungana, nacho huota juu ya mawe, ardhini na kwenye matawi ya miti mikongwe. Hukua polepole mno. Msitu ukiungua au ukikatwa, huweza kupita miaka 80 na zaidi kabla likeni haijarudi kwa wingi wa kumshibisha mnyama mkubwa.

Wanyama wengine hawagombei likeni. Musi, yule mnyama mrefu mwenye pembe pana zilizokaa mfano wa sinia, hutafuta vichipukizi vya mabondeni. Karibou amejichagulia chakula ambacho wengine hawakitaki, mahali ambapo wengine hawakai. Juu kwenye upepo mkali na theluji nzito nyama ni haba, kwa hiyo mbwamwitu hawana sababu ya kupanda huko mara kwa mara. Umaskini wa makazi yake ndio uliokuwa ngome yake. Na aliihitaji sana, kwa maana jike wa karibou huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, tena si kila mwaka, ilhali musi aliyeshiba huzaa mapacha bila shida.

Wazee wa West Moberly walikumbuka enzi ambazo karibou walikuwa wengi ardhini kama wadudu. Nyama yao iliwalisha watu, ngozi zao zikashonwa nguo na viatu, kano zao zikawa nyuzi, mifupa ikachongwa vifaa. Mtoto alijifunza milima kwa kumfuata babu yake mawindoni.

Mwaka 1899 wajumbe wa serikali ya Kanada walifika katika nchi hizo na Mkataba wa 8. Katika ripoti yao wajumbe wenyewe waliandika kwamba hofu kubwa ya wenyeji ilikuwa kunyang'anywa uwindaji na uvuvi, na kwamba waliwahakikishia watabaki huru kuwinda na kuvua baada ya mkataba sawasawa na kama wasingeutia saini kamwe. Wahenga wa West Moberly waliingia katika mkataba huo mwaka 1914, huko Hudson's Hope. Ahadi ile inafaa kuwekwa akilini, kwa kuwa zaidi ya karne moja baadaye ililetwa mbele ya jaji na kusomwa upya.

Pigo kubwa lilikuja kwa jina la maendeleo. Mwaka 1961 serikali ya jimbo ilianza kujenga bwawa kwenye Mto Peace, ukuta wa udongo na mawe wenye kimo cha zaidi ya mita 180 na urefu wa takriban kilomita 2, uliopewa jina la kiongozi wa jimbo wakati huo, W.A.C. Bennett. Kufikia 1968 maji yalikuwa yameshaanza kupanda. Yalifunika mabonde ya mito mitatu, Peace, Parsnip na Finlay, yakatandaza ziwa la kutengenezwa la zaidi ya kilomita za mraba 1,700 lililoitwa Williston. Familia za Watsek'ehne, wenyeji wa mabonde hayo, zilishuhudia nyumba, makaburi na njia zao za mitego zikizama. Umeme ulisafirishwa kusini, kwenye miji.

Kwa karibou, ziwa lile lilikata ushoroba. Makundi yaliyokuwa yakivuka bonde kati ya kaskazini na kusini yalikutana na maji mapana yaliyojaa magogo yanayoelea katika majira ya joto, na barafu isiyoaminika yanapoanza majira ya baridi. Waliokuwa kusini wakabaki kusini, wachache na wametengwa. Kisha zikaja barabara. Kampuni za mbao zilikata miti mikongwe ya mabondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulijengwa mji mpya kabisa, Tumbler Ridge, kwa ajili ya migodi ya makaa ya mawe. Watafutaji wa gesi wakafyeka msituni mistari mirefu iliyonyooka ili kupima miamba iliyo chini. Hakuna hata mradi mmoja kati ya hiyo uliokusudia kumwondoa karibou. Kila mmoja ulipata kibali chake, na kila kibali kilipimwa peke yake.

Wenyeji ndio waliogundua mapema. Katika miaka ya 1970 watu wa West Moberly waliacha kuwinda karibou kwa hiari yao. Hawakulazimishwa na sheria, na haki yao ya mkataba ilikuwa palepale. Waliona wanyama wanapungua, wakaweka bunduki chini wakitumaini kwamba idadi itapanda. Haikupanda, na miongo ikapita. Wakakua watu wazima ambao hawajawahi kuonja nyama iliyowalea bibi zao.

Kwa nini haikupanda? Jibu la swali hilo liliwachukua wanasayansi muda mrefu. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba karibou hupungua kwa sababu likeni inakwisha, basi. Mtafiti Tom Bergerud, aliyeanza kazi yake katika kisiwa cha Newfoundland miaka ya 1950, aliitilia shaka hoja hiyo. Aliwafuatilia ndama waliokuwa wakifa kwa majipu shingoni, akagundua kwamba majipu hayo yalitokana na meno ya paka mwitu wa nchi za baridi aitwaye linksi: ndama aliyeponyoka mdomoni mwa adui yake alikufa baadaye kwa vidudu vilivyoachwa kwenye jeraha. Mwaka 1974 Bergerud alichapisha hoja pana zaidi, kwamba anguko la karibou Amerika ya Kaskazini baada ya ujio wa walowezi lilitokana hasa na bunduki na wanyama wawindaji, na kwamba njaa haikuwa chanzo kikuu.

Lakini mbwamwitu na karibou wameishi pamoja kwa maelfu ya miaka. Kipi kilibadilika?

Mwaka 1977 mwanaikolojia Robert Holt alieleza kwa hesabu jambo ambalo huonekana kama kitendawili: wanyama wawili wasiogombea chakula hata kidogo wanaweza bado kudhuriana, ikiwa wote wawili huliwa na adui mmoja. Mmoja akiongezeka, adui hushiba na kuzaa zaidi, na yule mwingine ndiye anayelipa. Miaka 15 baadaye mtafiti Dale Seip alilionesha jambo hilo katika milima ya kusini mashariki mwa British Columbia. Alilinganisha maeneo mawili. Katika Wells Gray, karibou walipanda juu wakati wa kiangazi na kuwaacha musi na mbwamwitu chini, na ndama wengi wakasalimika. Karibu na Ziwa Quesnel utengano huo haukuwapo. Karibou walichanganyika na musi na mbwamwitu, na idadi yao ikaporomoka.

Kuanzia hapo mnyororo mzima ulianza kueleweka. Msitu mkongwe ukikatwa, jua hufika ardhini na vichaka vichanga huchipua. Vichaka huwaleta musi na kulungu, nao huwaleta mbwamwitu. Halafu barabara za magogo na mistari ya watafutaji gesi huwapa mbwamwitu njia zilizonyooka kuelekea mahali ambapo zamani hawakufika kwa urahisi; tafiti za kola za kufuatilia mwendo zimeonesha kwamba mbwamwitu hutembea kwa kasi zaidi kwenye njia hizo kuliko ndani ya msitu. Mbwamwitu hawaishi kwa kutegemea karibou. Wanaishi kwa musi, na karibou huliwa kwa kukutwa tu njiani. Hapo ndipo ulipo ubaya wenyewe, kwa kuwa karibou wanapokaribia kwisha mbwamwitu hawapungui kwa njaa. Wanaweza kummaliza wa mwisho na kuendelea kuzaa.

Ni maelezo mazuri, yaliyothibitishwa mahali pengi, na kwa muda mrefu hayakubadilisha chochote porini. Makala zilichapishwa, ramani zilichorwa, kamati zilikaa. Mwaka 2003 karibou wa milima ya kusini, wakiwemo wa Klinse-Za, waliorodheshwa chini ya sheria mpya ya Kanada ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2009 poromoko la theluji liliwafukia karibou watano wa mwisho wa Hifadhi ya Taifa ya Banff, na hifadhi kongwe kuliko zote nchini ikabaki bila hata mmoja. Serikali zilijua. Vibali viliendelea kutolewa.

Kilichobadilisha mwendo ni kesi. Kampuni iitwayo First Coal ilitaka kuchimba katika eneo la kundi dogo la Burnt Pine, ndani ya nchi ya West Moberly, na kutoa tani 50,000 za makaa kwa majaribio. Kundi la Burnt Pine lilikuwa limebaki na wanyama 11. Wataalamu wa wanyamapori walionya kwamba kuvuruga makazi yao ya majira ya baridi hakuendani na kuwaokoa. West Moberly, wakiongozwa na Chifu Roland Willson, waliwasilisha maoni yao serikalini mwaka 2009 katika waraka ambao jina lake lilibeba tamaa ya mzee mmoja: alitaka kula nyama ya karibou kabla hajafa. Ni vigumu kulisoma ombi hilo bila kuguswa. Mzee hakuomba fidia wala fedha. Aliomba kitu ambacho mkataba ulikwisha kumwahidi.

Serikali ya jimbo ilijibu kwamba madhara ya zamani, bwawa na mengineyo, hayahusiki. Kinachopimwa ni mradi huu tu, na wanyama 11 ni wachache mno. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya jimbo iliwapa West Moberly haki. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani, ingawa ilibadilisha sehemu ya amri ya awali, ilikubali kwa wingi wa majaji kwamba huwezi kuelewa uzito wa dhara jipya ukiyafumbia macho yale yaliyolitangulia, na kwamba haki ya kuwinda lazima ipimwe kwa mnyama husika na mahali husika. Kumwambia mtu wa West Moberly akawinde musi badala yake halikuwa jibu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kuisikiliza rufaa zaidi. Kundi la Burnt Pine lenyewe halikupona. Ushindi uliwafika ukiwa umechelewa.

Jirani yao lilikuwapo kundi jingine, la milima pacha yenyewe. Katika miaka ya 1990 kundi la Klinse-Za lilikadiriwa kuwa na karibou 250 hivi. Hesabu ya 2013 iliwakuta 38.

West Moberly na Saulteau hawakusubiri tena. Pamoja na mwanabiolojia Scott McNay na wenzake waliandika mpango wao wenyewe, wakaunda chombo cha kuuendesha, na mwaka 2014 wakajenga zizi juu mlimani.

Kazi ya zizi huanza Machi, theluji ikiwa bado nene. Helikopta huruka chini juu ya majike, na mtu aliyefungwa mkanda mlangoni hufyatua wavu. Mnyama akianguka, watu hushuka mbio, wakamfunga miguu na kumziba macho kwa kitambaa ili atulie, kisha akadungwa dawa ya kumpunguzia hofu na kubebwa hadi zizini. Huko hupimwa damu na mimba na kuvishwa kola. Uzio umetengenezwa kwa kitambaa kizito cheusi, kirefu kupita kimo cha mtu, ili walio ndani wasiogopeshwe na ya nje, na walio nje wasiwaone walio ndani. Nje yake umepita waya wa umeme kwa ajili ya dubu na mbwamwitu. Walinzi kutoka jamii hizo mbili hukaa kibandani kando ya uzio kwa zamu, usiku na mchana. Wanazunguka uzio, wanahesabu wanyama, wanatazama nani anakula na nani amejitenga.

Chakula nacho kina habari yake. Karibou aliyezoea likeni hawezi kubadilishiwa ghafla akapewa chakula cha viwandani. Tumbo lake hukataa. Basi watu wa vijiji hivyo, wazee kwa watoto, huingia msituni na kuchuma likeni kwa mkono, kiganja baada ya kiganja, wakajaza magunia. Likeni haina uzito. Gunia hujaa kwa kazi ya muda mrefu na bado hubebeka na mtoto. Huchanganywa kidogokidogo na chakula cha vidonge hadi matumbo yazoee. Kuna watu waliokuwa wakichuma likeni hiyo ambao hawakuwahi kumwona karibou hai kabla ya zizi lile.

Ndama huzaliwa mwishoni mwa Mei na Juni. Wiki za kwanza ndizo zinazoua wengi porini, na ndizo wanazopitishia ndani ya uzio. Mwishoni mwa Julai, wakiwa na nguvu za kukimbia na mama zao, uzio hufunguliwa na wote hurudi mlimani.

Zizi peke yake halikutosha. Ndama aliyetolewa Julai huliwa Novemba ikiwa mbwamwitu ni walewale. Kwa hiyo mbwamwitu walipunguzwa, kwanza na watega mitego wa jamii hizo, kisha na serikali ya jimbo iliyowapiga risasi kutoka kwenye helikopta. Hapa ndipo habari hii inapouma, na haifai kufunikwa. Watu wengi Kanada na nje yake wamelaani mauaji hayo, na wana sababu: mbwamwitu hakukata mti hata mmoja, anaadhibiwa kwa kosa la msumeno. Utafiti nao una jibu lake gumu. Uchambuzi wa makundi ya karibou wa milima ya kusini, uliochapishwa 2024 na Clayton Lamb na wenzake, ulikuta kwamba idadi yao ilishuka kwa asilimia 51 kati ya 1991 na 2023, na kwamba kati ya hatua zote zilizojaribiwa, kupunguza mbwamwitu ndiyo pekee iliyoongeza karibou bila kukosa ilipotumika peke yake. Ilipounganishwa na zizi au na kulisha, ongezeko lilikuwa la haraka. Bila hatua hizo wangekuwa wachache zaidi.

Mfano wa kutofanya lolote kwa wakati ulikuwa karibu. Katika Milima ya Selkirk, kwenye mpaka wa Kanada na Marekani, kundi la mwisho lililokuwa likivuka mpaka lilihesabiwa 2018 likiwa na majike watatu tu. Januari 2019 aliyesalia alikamatwa na kuhamishiwa zizini kaskazini zaidi. Tangu siku hiyo majimbo 48 ya Marekani yaliyo kusini mwa Kanada hayana kundi la karibou.

Klinse-Za ilikwenda upande mwingine. Kutoka wanyama 38 mwaka 2013, kundi lilifika 101 mwaka 2021. Kwa watafiti waliozoea grafu za kushuka, hilo lilikuwa tukio.

Hata hivyo zizi na bunduki havimrudishii karibou msitu, na wazee walilijua hilo kuliko yeyote. Hadi wakati huo ni asilimia 1.8 tu ya eneo la kundi hilo iliyokuwa imelindwa. Mazungumzo ya serikali ya Kanada, jimbo, West Moberly na Saulteau kuhusu makubaliano ya kulinda makazi ya karibou yalipojulikana hadharani mwaka 2019, miji ya eneo la Peace ilichemka. Mikutano ilijaa watu waliohofia viwanda vya mbao kufungwa na njia za milimani kuzuiwa, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli kwa mtu mwenye familia na mkopo wa nyumba. Lakini pamoja nayo ulitoka ubaguzi wa wazi. Jamii zilizojinyima nyama kwa miaka 40 zilitukanwa kana kwamba ndizo zilizoleta tatizo. Serikali ya jimbo ilimteua Blair Lekstrom, mwanasiasa wa hukohuko, asikilize pande zote, na ikasitisha kwa muda vibali vipya katika sehemu ya eneo.

Machifu hawakurudi nyuma. Tarehe 21 Februari 2020 makubaliano yalitiwa saini na pande zote nne. Yanagusa kilomita za mraba 7,986, na kundi la Klinse-Za limepata ulinzi katika zaidi ya asilimia 85 ya eneo lake. Mwaka 2024 jimbo lilitangaza kuipanua hifadhi ya Klinse-Za kwa takriban hekta 200,000, kutoka hifadhi ndogo iliyokuwa imezunguka vilele vile viwili.

Katika maandishi ya makubaliano lengo limetajwa bila kuzungukazunguka: karibou waongezeke hadi wajitegemee, na wafike idadi inayoruhusu uwindaji wa jadi kulingana na haki za mkataba. Baadhi ya wahifadhi husita wanapofika kwenye kipengele hicho, kwa vile wamezoea kuona mwindaji na uhifadhi kama vitu viwili vinavyopingana. Huko Ziwa Moberly uwindaji ndio sababu ya yote. Watu wale wanawalinda karibou kwa sababu wanataka siku moja kuwala tena, na kwa sababu mtoto asiyewinda na babu yake hajifunzi majina ya mabonde.

Kazi iliyobaki ni ya muda mrefu na haina picha za kuvutia. Jamii hizo mbili zinamiliki kitalu cha miche ya mimea ya asili ya nchi yao. Miche hiyo hupandwa juu ya barabara za magogo zilizoachwa. Ardhi iliyoshindiliwa na malori huchimbuliwa kwanza, miti huangushwa kukatiza njia ili mbwamwitu asipite mbio, kisha mche mmojammoja hutiwa ardhini. Barabara za namna hiyo katika milima ile zina urefu wa maelfu ya kilomita.